Namba ya masafa peke yake haitibu mtu

Ukipewa kipeperushi cha tiba ya masafa jijini Nairobi, iwe ni kwenye ofisi ya ghorofani River Road au chini ya hema la "vipimo vya bure" kando ya steji, tazama jedwali lake kwanza. Kushoto utakuta magonjwa: kisukari, presha, malaria, baridi yabisi, vidonda vya tumbo, uvimbe wa kizazi, tezi dume, ugumba, kifua kikuu, saratani, na mara nyingine Ukimwi. Kulia utakuta namba: 20, 727, 787, 880, 5000, 10000. Maelezo yake ni mafupi. Kila kijidudu, wanasema, kina masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yanayokiua. Mashine ikiyatoa, kijidudu hupasuka na mwenye mwili haumii.

Namba zilezile hujirudia mbele ya magonjwa yasiyohusiana hata kidogo. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu masafa yenyewe si uongo. Yanatibu, na hospitali za jiji hili huyatumia kila siku. Kinachokosekana kwenye jedwali lile ni kipimo.

Chukua hezi 1, yaani mpigo mmoja kwa sekunde. Kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuendesha moyo uliochoka kinaweza kuwekwa mapigo 60 kwa dakika. Hiyo ni hezi 1. Mashine ya kuvunja mawe ya figo hupiga mishindo 60 hadi 120 kwa dakika, na 60 ni hezi 1. Sumaku inayowekwa upande wa kulia wa kichwa kutibu sonona, katika mojawapo ya taratibu zake, hupiga mara moja kwa sekunde; hezi 1 tena. Cha kwanza hutumia volti chache kupitia waya uliogusa msuli wa moyo. Ya pili hukusanya shinikizo kubwa mahali padogo palipolengwa kwa eksirei au picha ya mawimbi ya sauti. Ya tatu hutoa uga wa sumaku wa takriban tesla 1 hadi 2 kwa muda ulio chini ya elfu moja ya sekunde. Ukibadilishana namba za mashine hizi tatu hakuna kitakachobadilika. Ukibadilishana mashine zenyewe, mgonjwa wa moyo atakufa na jiwe litabaki palepale.

Kwa hiyo anayetaja hezi peke yake hajasema lolote la tiba. Atuambie ni nishati ya aina gani: umeme, sumaku, sauti au mionzi. Inaingia wapi, kwa nguvu gani, kwa muda gani, na ni ugonjwa gani uliojaribiwa nayo mbele ya kundi la kulinganisha. Kuacha hayo na kutaja hezi ni kama kumwandikia mgonjwa dawa kwa kutaja rangi ya kidonge. Daktari wa mionzi anayemtibu mwenye saratani ya matiti haandiki hezi kabisa. Anaandika grei, kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili, kwa mfano grei 40 kwa awamu 15, kisha mtaalamu wa fizikia hukokotoa zitakavyoifikia sehemu iliyolengwa bila kuchoma moyo na mapafu.

Mfano bora wa masafa yanayotibu uko kwenye kliniki za wanawake: upasuaji wa kitanzi cha umeme, ambao hospitalini huitwa LEEP. Mwanamke aliyepatikana na seli zinazoelekea kuwa saratani kwenye mlango wa kizazi, na ambazo haziwezi kumalizwa kwa kuchomwa kwa joto tu, huondolewa tishu hiyo kwa kitanzi cha waya mwembamba. Waya hubeba umeme wa karibu kilohezi 500, yaani hezi laki tano, kwa nguvu ya wati 30 hadi 50 hivi. Ganzi hudungwa kwanza, na kukata kwenyewe huchukua dakika chache tu. Umeme huo hugeuka upande mara nyingi mno kwa sekunde hata neva na misuli haiwahi kuuitikia, ndiyo maana mgonjwa hapigwi shoti. Umeme wa nyumbani, wa hezi 50, ukipita mwilini kwa kiwango hichohicho unaweza kuua.

Tazama sasa upande wa pili wa mkondo ule. Pajani hubandikwa pedi pana, na umeme wote ulioingia kwa njia ya waya hutoka kwa njia ya pedi. Kwenye waya tishu inakatika. Pajani mgonjwa hahisi kitu. Masafa ni yaleyale na mkondo ni uleule. Kilichotofautiana ni ukubwa wa eneo unalopitia. Pedi ikibandikwa vibaya, ikashika kwa kona tu kwa sababu ya nywele au jasho, mkondo mzima hubanwa kwenye kona hiyo na paja huungua. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wanalijua hilo, na huikagua pedi kabla mashine haijawashwa.

Linganisha na kisanduku kinachouzwa kuua vijidudu. Ukikifungua utakuta betri ya volti 9, chipu ya kutoa mipigo iitwayo 555 ambayo imekuwa sokoni tangu 1972, vipinga kadhaa, kapasita, taa ndogo, na nyaya mbili zinazokwenda kwenye mirija ya shaba ya kushika mikononi. Vyote hivyo hupatikana Luthuli Avenue, na fundi wa redio ataviunganisha kwa mchana mmoja. Kisanduku hutoa umeme wa karibu kilohezi 30. Kwa volti 9, ukizingatia ukinzani wa ngozi na wa kipinga kilichomo ndani, mkondo ni miliampia chache tu. Huingia kwa kiganja kizima, husambaa mikononi na kifuani, kisha hutokea kiganja cha pili. Kongosho, ini na kizazi haviko hata kwenye njia kuu ya mkondo huo. Aliyekitangaza kisanduku hiki, Hulda Clark, alifundisha watu wakishike dakika 7, wapumzike dakika 20, warudie mara tatu. Alidai saratani zote huletwa na mnyoo bapa wa utumbo uitwao Fasciolopsis buski. Mnyoo huo ni wa Asia. Saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya umio zinaua Wakenya ambao hawajawahi kuukaribia. Clark mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na saratani ya uboho.

Kabla yake alikuwako Royal Raymond Rife wa San Diego, miaka ya 1930, ambaye jina lake bado liko kwenye mashine nyingi zinazoagizwa mtandaoni. Na kabla ya Rife alikuwako daktari Albert Abrams wa San Francisco, aliyekodisha visanduku kwa sharti kwamba visifunguliwe. Jarida la Scientific American lilimchunguza mwaka 1923 na 1924 na kuhitimisha kwamba njia yake haina thamani yoyote. Hiyo ni miaka mia moja. Anayeambiwa kwamba hii ni teknolojia mpya inayofichwa na kampuni za dawa ana haki ya kujua umri wake.

Hoja inayowavutia wengi ni ya glasi inayovunjwa na sauti ya mwimbaji. Glasi kweli hupasuka, kwa kuwa ni ngumu na imezungukwa na hewa isiyoinyang'anya mtikisiko, hivyo nguvu hulimbikizana ndani yake. Bakteria ni laini na anaishi ndani ya maji yanayomnyang'anya mtikisiko papo hapo. Tena ukubwa haulingani. Bakteria wa kawaida wa utumbo ana urefu wa mikroni 2 hivi. Sauti ya hezi 880 ndani ya maji ina wimbi la urefu wa mita 1.7, inampita bila kumtambua. Ili wimbi la sauti liwe na urefu unaolingana na bakteria huyo, linahitaji mamia ya megahezi (megahezi 1 ni hezi milioni moja), na sauti ya kiwango hicho hufifia ndani ya mwili kabla ya kupita milimita moja. Ndiyo sababu mashine za kupiga picha za mawimbi ya sauti hukaa kati ya megahezi 2 na 15: ukipanda zaidi, huoni ndani.

Kuitikia masafa mahususi kupo kweli mwilini. Mashine ya picha ya MRI yenye sumaku ya tesla 1.5 huita hidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta yetu kwa karibu megahezi 64, nayo huitika. Mgonjwa hutoka na picha. Hakuna seli iliyokufa wala ugonjwa uliopona.

Wauzaji wana jibu hapa, na ni haki lisikilizwe: mbona kuna vifaa vya masafa vya saratani vilivyoruhusiwa Marekani? Vipo. Kinachojulikana zaidi kilitokana na kazi ya Yoram Palti wa Israeli, na hutumika kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Kiliruhusiwa mwaka 2011 kwa wagonjwa ambao uvimbe umewarudia, na 2015 kwa wapya. Hutumia kilohezi 200. Kwa saratani ya utando wa mapafu hutumia kilohezi 150, kwa kuwa seli za aina tofauti huitikia tofauti. Umeme wake husumbua seli zilizo katikati ya kugawanyika. Zile zilizotulia haziguswi sana. Mgonjwa hunyolewa kichwa, hubandikwa vibandiko vinne vilivyopangwa kwa kompyuta kufuata uvimbe wake, na hubeba mashine na betri kwa angalau saa 18 kila siku, mwezi baada ya mwezi. Ngozi chini ya vibandiko huwasha na kuchubuka. Katika jaribio la wagonjwa 695, waliotumia kifaa pamoja na dawa ya temozolomide waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 20.9, na waliotumia dawa peke yake miezi 16.0. Karibu miezi mitano. Kwa familia inayouguza, miezi mitano ni mingi, na hatuidharau hata kidogo. Lakini ipime vizuri: masafa yaliyochaguliwa kwa aina moja ya saratani, saa 18 kwa siku, juu ya dawa, huongeza miezi mitano. Anayeahidi kumaliza saratani zote kwa vipindi kumi vya nusu saa ameahidi kitu ambacho mashine bora duniani haijakikaribia.

Kingine ni kifaa chenye kijiko kinachowekwa juu ya ulimi, cha saratani ya ini iliyoenea. Hutumia wimbi la megahezi 27.12, na mgonjwa hukitumia saa moja, mara tatu kwa siku. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikiruhusu kwa njia ya msamaha wa kiutu, kwa wagonjwa ambao dawa za kwanza na za pili zimewashinda. Msamaha huo husema faida inawezekana na hatari si kubwa kuliko faida. Hausemi ufanisi umethibitishwa. Na megahezi 27.12 hizohizo ndizo zinazotumiwa miaka mingi na wataalamu wa fiziotherapia kupasha joto misuli na viungo. Joto hilo halijawahi kutibu saratani ya ini ya mtu yeyote, na juu ya uvimbe wa saratani ni marufuku kulitumia.

Turudi kwenye jedwali la kipeperushi, ugonjwa mmoja mmoja. Presha na kisukari havina kijidudu cha kupasua. Kisukari cha aina ya kwanza ni kongosho lililopoteza seli za kutoa insulini. Mgonjwa akiacha sindano, damu yake inaweza kujaa asidi katika siku moja au mbili, na akifikishwa hospitali amechelewa anaweza kufa. Malaria isiyotibiwa inaweza kuwa kali na kumzidi mtu nguvu kwa muda huohuo, wakati dozi ya ALu, dawa ya malaria isiyo kali, ni siku 3 tu na mara 6 za kumeza. Kifua kikuu kinataka dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Anayeacha njiani ili ajaribu mashine huweza kurudi na kifua kikuu sugu, na kuwaambukiza hicho watu wa nyumbani kwake.

Virusi vya Ukimwi vina jambo la ziada. Hujiandika ndani ya vinasaba vya seli za kinga na kulala humo. Hata kama kungekuwa na umeme wa kuharibu kila kirusi kilicho kwenye damu leo, nakala zilizolala zingeamka. Anayeacha ARV kwa kawaida huona virusi vikirudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Kenya inalijua somo hili kwa uchungu. Mwaka 1990 Kemron, interferoni ya kuyeyushwa mdomoni kwa kiwango kidogo sana, ilitangazwa hapahapa kupitia KEMRI kuwa inatibu Ukimwi, na wagonjwa walisafiri kutoka nje kuifuata. Majaribio yaliyofuata, yenye kundi la kulinganisha, hayakuonyesha faida. Ile ilikuwa taasisi ya serikali yenye maabara na wanasayansi. Hema la kando ya steji halina hata rejesta ya wagonjwa wake waliokufa.

Eneo ambalo mashine ndogo ya umeme ina kazi halali nyumbani ni maumivu. TENS, mashine ya pedi za umeme zinazobandikwa ngozini, hutuliza maumivu ya mgongo na ya goti kwa baadhi ya watu, ilhali haiponyi kilichoyaleta. Hezi 80 hadi 120, mpigo wa mikrosekunde 50 hadi 200, nusu saa au zaidi. Ongeza nguvu taratibu mpaka usikie msisimko mkali usiouma. Ukiiweka chini mno haifanyi kitu, na hilo ndilo kosa la kawaida. Pedi iliyokauka hubana mkondo pembeni na kuchoma, kama ile ya chumba cha upasuaji. Usiweke mbele ya shingo, kifuani kukatiza moyo, tumboni kwa mjamzito, wala karibu na kifaa cha moyo. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asiiweke miguuni, kwa sababu ataungua bila kujua. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa ataonyesha haya yote katika kikao kimoja.

Halafu kuna kile kisanduku cha "kupima mwili mzima". Mteja hushika chuma kidogo kwa dakika moja hivi, kompyuta ikiwa imekwisha kuulizwa umri, jinsia, urefu na uzito wake. Kisha hutoka kurasa zaidi ya 30: mishipa ya ubongo, uzito wa mifupa, madini ya risasi, vitamini, ini. Kiganja kina kitu kimoja tu cha kupimwa kwa njia hiyo, nacho ni jinsi ngozi inavyopitisha umeme, ambayo hubadilika kwa jasho na kwa nguvu ya kushika. Risasi hupimwa kwa damu. Uzito wa mifupa hupimwa kwa eksirei ya viwango viwili. Mwenye shaka aombe apimwe mara mbili, mara ya pili jinsia ikiandikwa kinyume na umri ukiongezwa miaka 30. Mwanamke atapewa taarifa ya tezi dume, na mhudumu atatakiwa kueleza ilitoka wapi.

Kwa nini basi wengine husema wamepata nafuu? Wengi hawasemi uongo. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta tiba yakiwa kileleni. Muuzaji huwa pia amekataza soda na sukari, na mgonjwa bado anameza metformin, dawa yake ya kisukari, kimyakimya. Presha nayo hupimwa mtu akiwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kisha hupimwa tena baada ya dakika 40 za kuketi. Kwa kupumzika tu inaweza kushuka pointi 10 au zaidi. Kipimo cha kuaminika hufanywa baada ya dakika 5 za kutulia, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, mara mbili.

Kuhusu karatasi za ukutani: leseni ya biashara ya kaunti huruhusu kuuza, hairuhusu kutibu. Alama ya CE, ya kuruhusu bidhaa kuuzwa Ulaya, haithibitishi kwamba mashine inaponya ugonjwa ulioandikwa kwenye kipeperushi. Kampuni "iliyosajiliwa FDA" imejiandikisha tu. Kifaa chake hakijaidhinishwa kwa hilo. Mtoa tiba anapaswa kuwa na leseni ya baraza lake, na kituo kiwe kinatambuliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya. Kifaa kinapaswa kujulikana kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na swali la kuulizwa ni hili: kimesajiliwa kwa ugonjwa upi?

Aliyekwisha kulipa asiache dawa hata siku moja. Mwenye kisukari apimwe sukari ya miezi 3 hospitalini kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi 3. Anayetumia ARV apime wingi wa virusi. Mwenye uvimbe wa titi asianze kabisa mpaka kipande kitolewe na kichunguzwe maabara, kwa sababu hapo kila mwezi unaopita una thamani.

Na Bodi isingoje malalamiko. Ina uwezo wa kudai kwamba kila tangazo la kifaa cha masafa liandike kwa Kiswahili kinachosomeka ugonjwa ambao kifaa kimesajiliwa kuutibu, nguvu yake na watu wasiopaswa kukitumia. Kifaa kilichosajiliwa kwa maumivu ya mgongo kitangaze maumivu ya mgongo, na majina ya magonjwa mengine yote yaondolewe kwenye karatasi kabla haijachapishwa.